Mfumo upi wa kura utawatoa watu nyumbani? Ulinganisho kwa anayetaka kuchagua

Kila aliyewahi kuhamasisha watu wakapige kura ameisikia kauli hii: "Hata nikienda, hakuna kitakachobadilika." Wengi wetu huijibu kwa mahubiri juu ya haki na wajibu wa raia. Mimi nimeacha, kwa sababu mara nyingi anayesema hivyo amepiga hesabu, na hesabu yake ni sahihi. Kama jimbo lake lina chama kinachoshinda kila mara kwa kura mara tatu ya kinachokifuata, kura yake ya upinzani haimpeleki mtu bungeni. Kura ya jirani yake anayekipenda chama hicho nayo inaongeza tu rundo ambalo limeshashinda. Wote wawili wakilala nyumbani, mbunge ni yuleyule.

Yupo na mwingine asiyekwenda ambaye hana ugomvi wowote na hesabu. Huyu jina lake halimo kwenye daftari, au siku ya kura ni siku ya kazi na mwajiri hasikii, au kituo kiko mbali na miguu haimbebi tena. Ukimbadilishia huyu namna ya kuhesabu kura, hujamsaidia chochote. Na yule wa kwanza, hata ukimletea sanduku la kura mlangoni, bado atakuuliza kuna faida gani.

Mijadala ya mageuzi ya uchaguzi huwachanganya watu hawa wawili, ndiyo maana nchi hubadilisha sheria kwa gharama kubwa halafu foleni zinabaki fupi. Nitawatenganisha. Nitaanza na mifumo ya kumpata mtu mmoja, kisha ya kulijaza bunge, halafu kanuni ambazo hazigusi hesabu kabisa. Njiani nitasema wazi ningechagua nini.

Kiti kimoja: rais, gavana, meya

Chukua wapigakura 100 na wagombea watatu. Tuwaite kwa alama zao: Taa, Mwavuli na Ngoma. Taa ana kura 42, Mwavuli 33, Ngoma 25. Kati ya wale 25 wa Ngoma, 20 wangemchukua Mwavuli kama Ngoma asingekuwepo, 3 wangemchukua Taa, na 2 hawamtaki yeyote kati ya hao wawili.

Kwa mfumo wa "wengi wape", ambao wengi wetu tumekua nao, Taa anaapishwa. Jina lenyewe linapotosha, maana walio wengi hapa ni 58 na hawakumchagua. Kenya iliyaona haya mwaka 1992, Daniel arap Moi aliporudi madarakani kwa takriban asilimia 36 ya kura huku wapinzani wake wakigawana zilizobaki. Malawi mwaka 2019 Peter Mutharika alitangazwa mshindi kwa asilimia zisizofika 39. Uchaguzi huo ulifutwa mahakamani Februari 2020, na majaji wakasema neno "wengi" lililo katika katiba maana yake ni zaidi ya nusu. Kwenye marudio ya Juni mwaka huohuo Lazarus Chakwera akapata zaidi ya asilimia 58.

Ubaya wa wengi wape hauishii kwenye matokeo. Unaanza wiki kadhaa kabla, pale mtu wa Ngoma anapoambiwa na kila anayekutana naye, "Usipoteze kura yako." Anatakiwa achague kati ya kusema anachokiamini na kumzuia asiyemtaka. Wapo wanaomeza na kumpigia Mwavuli. Wapo wanaoshikilia Ngoma. Na wapo wanaoona kwamba kama kusema ukweli ni kupoteza kura, basi heri wabaki na shughuli zao. Hawa wa mwisho ndio tunaowatafuta.

Duru mbili zinamwondolea mtu huyu nusu ya mzigo. Raundi ya kwanza anasema la moyoni. Asipopatikana wa zaidi ya nusu, wawili wa juu wanarudi. Katika mfano wetu, wote wakirudi na wale 2 wakibaki nyumbani, Mwavuli anashinda kwa 53 dhidi ya 45. Lakini hebu tuseme kati ya wale 20 wa Ngoma, 10 wanachoka na hawarudi. Mwavuli anabaki na 43, Taa 45. Hakuna aliyebadilisha mawazo, na mshindi amebadilika.

Je, watu hurudi? Inategemea wanachokiona mbele yao. Liberia mwaka 2005 walijitokeza takriban asilimia 75 kwenye duru ya kwanza na 61 kwenye ya pili. George Weah aliyeongoza mwanzoni kwa asilimia 28 alishindwa na Ellen Johnson Sirleaf aliyepata karibu 60. Ufaransa mwaka 2002 mambo yalikwenda kinyume: waliojitokeza walipanda kutoka karibu asilimia 72 hadi karibu 80, kwa sababu Jean-Marie Le Pen, mgombea wa mrengo mkali wa kulia, alikuwa ameingia duru ya pili na watu walikurupuka kwenda kumzuia. Uchaguzi huohuo unaonyesha ugonjwa ambao duru mbili hazikuuponya. Wagombea walikuwa 16, kura za mrengo wa kushoto zikatawanyika, na Lionel Jospin, mgombea mkuu wa mrengo huo, akakosa nafasi ya pili kwa kura zisizofika 200,000. Waliompigia mgombea mdogo wa kushoto wakidhani watamrudia Jospin baadaye hawakuipata hiyo baadaye.

Kuna gharama pia: karatasi zinachapishwa upya, makarani na walinzi wanalipwa upya, na nchi inakaa roho juu kwa wiki kadhaa zaidi. Kongo ilikuwa na duru mbili mwaka 2006, ikaziondoa kwa marekebisho ya katiba mwaka 2011, na mwaka 2018 Félix Tshisekedi akatangazwa rais kwa asilimia zisizofika 39. Kwa upande wa pili, Ghana mwaka 2008 John Atta Mills alikuwa nyuma duru ya kwanza, akashinda ya pili kwa takriban kura 40,000 tu, na nchi ikakabidhiana madaraka. Bila duru ya pili angeapishwa mtu mwingine.

Njia ya tatu ni kupanga wagombea kwa namba: 1 kwa unayempenda zaidi, 2 kwa anayefuata, na kuendelea. Akikosekana mwenye zaidi ya nusu, wa mwisho anaondolewa na karatasi zake zinagawiwa kwa kufuata namba 2. Ngoma anatoka; 20 zinakwenda kwa Mwavuli, 3 kwa Taa, na 2 zisizo na namba nyingine zinawekwa pembeni. Matokeo ni 53 kwa 45, siku ileile, bila mtu kurudi foleni, na hakuna wa Ngoma aliyelazimika kuficha moyo wake. Australia wanachagua wabunge hivi tangu 1918. Jimbo la Maine, Marekani, lilianza mwaka 2018, na mwaka huohuo Bruce Poliquin aliyeongoza hesabu ya kwanza ya kiti cha Kongresi alishindwa na Jared Golden baada ya kura kugawiwa. Poliquin alikwenda mahakamani, hakufanikiwa.

Hoja ya kwanza inayotupwa dhidi ya mfumo huu ni kwamba wananchi wa kawaida hawataelewa. Siikubali. Papua New Guinea ni nchi yenye lugha zaidi ya 800 na watu wengi ambao hawakupata shule. Chini ya wengi wape, kiti kimoja kiliweza kugombewa na watu kadhaa wa kadhaa, na walikuwepo walioingia bungeni kwa chini ya asilimia 10 ya kura. Tangu uchaguzi mkuu wa 2007 mpigakura anataja watatu kwa mpangilio. Chaguzi zao bado zina matatizo makubwa ya daftari na vurugu, lakini kuhesabu moja, mbili, tatu si mojawapo.

Hoja ninayoiheshimu ni nyingine, na husikika mara chache mno. Ukiwahi kukaa kituoni usiku wa kuhesabu unaijua picha hii: karani anafunua karatasi, anaiinua mawakala waione, anasoma jina kwa sauti, anaiweka kwenye rundo lake, mwenzake anachora vijiti vinne, cha tano kinavikata. Mwisho fomu inajazwa, mawakala wanatia saini, nakala inabandikwa mlangoni. Kuanzia hapo mtu yeyote mwenye simu anaweza kuipiga picha na kujumlisha mwenyewe. Kenya mwaka 2022 fomu 34A za vituo zaidi ya 46,000 ziliwekwa mtandaoni, na raia wa kawaida wakakaa kujumlisha pamoja na vyombo vya habari. Karatasi ile ya mlangoni ndiyo dhamana ya asiyemwamini mtu.

Kura za kupangwa kwa namba hazijumlishiki hivyo. Kituo hakiwezi kumwondoa Ngoma, maana hakijui kama nchi nzima Ngoma ndiye wa mwisho. Na kuandika kila mpangilio kwenye fomu hakuwezekani: wagombea 10 wanaweza kupangwa kwa namna 3,628,800. Kwa hiyo karatasi zenyewe, au taarifa zake, lazima zisafirishwe hadi mahali pamoja ndipo mshindi ajulikane. Australia, ambako tume ya uchaguzi inaaminiwa, hilo si neno. Kwenye nchi ambako ugomvi wa kila uchaguzi ni "nini kilitokea kati ya kituo na ukumbi wa kujumlishia", ni kuweka mzigo mzito pale palipovunjika.

Hapo ndipo ninapogawa. Kwa meya, kwa mbunge wa jimbo, kwa kura za maoni ndani ya chama, yaani popote ambapo karatasi zote zinaenea kwenye ukumbi mmoja mbele ya mawakala, ningechagua kupanga kwa namba bila kusita. Kwa rais wa nchi ambayo matokeo yake bado yanapingwa mahakamani kila mara, ningebaki na duru mbili pamoja na gharama zake, kwa sababu kila duru inajumlishika kutoka mlangoni. Wengi wape kwa kiti cha urais sioni sababu ya kuitetea, zaidi ya kwamba ni rahisi.

Mfumo wa kutiki kila unayemridhia, hata wakiwa watatu, nao nautaja kwa ufupi. Unajumlishika mlangoni na karatasi haibadiliki sana. Mji wa Fargo, Marekani, uliupitisha mwaka 2018 na kuutumia mwaka 2020, kabla jimbo la North Dakota halijaupiga marufuku mwaka 2025. Udhaifu wake ni woga: ukimtiki wako wa pili unaweza kumwangusha wa kwanza, basi wengi hutiki mmoja tu na mnarudi mlikotoka. Ni mzuri wa kujaribiwa kwenye vyama vya ushirika na vya wafanyakazi.

Bunge na mabaraza

Kwenye bunge ndiko mtu wa "hakuna kitakachobadilika" anakoumizwa zaidi, na ndiko mfumo unakoweza kumsaidia zaidi.

Mwaka 1998 Lesotho ilichagua wabunge 80 kwa wengi wape. Chama cha LCD kilipata karibu asilimia 60 ya kura, na viti 79. Watu wanne kati ya kila kumi waliochagua vingine walibakiwa na mbunge mmoja. Majeshi ya Afrika Kusini na Botswana yakaingia nchini, na mji mkuu, Maseru, ukachomwa moto. Waangalizi hawakuwa wamekuta wizi wa kura wa kutosha kueleza matokeo yale. Mfumo ulifanya tu kazi yake. Na haya si mambo ya nchi ndogo peke yake. Uingereza mwaka 2024 chama cha Labour kilipata karibu asilimia 34 ya kura na zaidi ya asilimia 60 ya viti, huku Reform UK wakipata asilimia 14 na viti 5. Waliojitokeza walikuwa takriban asilimia 60.

Tiba inayojulikana zaidi ni uwakilishi wa uwiano kwa orodha: chama kikipata asilimia 20 ya kura, kinapata karibu asilimia 20 ya viti, na wabunge wanatoka kwenye orodha yake. Hakuna jimbo lililokufa, maana kura ya kijijini kabisa inaongezeka kwenye kapu lilelile la taifa. Orodha pia ni njia nyepesi ya kuwaingiza wanawake, kwa kuwa unaweza kulazimisha majina yapishane. Rwanda, inayotumia orodha pamoja na viti vilivyotengwa, ina bunge ambalo zaidi ya asilimia 60 ni wanawake.

Wasomi wanaolinganisha nchi wamekuta mara nyingi kwamba kwenye uwiano watu hujitokeza zaidi kwa pointi kadhaa. Kadhaa, si thelathini. Anayekuahidi zaidi ya hapo muulize juu ya Afrika Kusini. Wana uwiano safi tangu 1994, viti 400, bila kizingiti cha kisheria, yaani kiwango cha chini cha kura, kwa vyama vidogo. Mwaka 1999 karibu asilimia 89 ya walioandikishwa walipiga kura. Mwaka 2024 hawakufika 59. Na hizo ni za walioandikishwa, wapo mamilioni ambao hawajiandikishi kabisa.

Sababu ni nyingi, nyingine ni za uchumi na kukata tamaa, lakini moja iko ndani ya mfumo. Muulize mpigakura wa huko mbunge wake ni nani. Orodha imefungwa: chama kinapanga majina makao makuu, wewe unapigia chama. Mbunge anayetaka kurudi anamwangalia aliyepanga orodha, hakuangalii wewe. Hasira hiyo ilifika Mahakama ya Katiba, iliyoamua mwaka 2020 kwamba wagombea binafsi lazima waruhusiwe, na wakaruhusiwa mwaka 2024. Finland wana dawa bora kwa maoni yangu: viti vinagawiwa vyama kwa uwiano, lakini mpigakura lazima aandike namba ya mgombea mmoja, na kura hizo ndizo zinazoamua nani kwenye orodha anaingia. Kama unataka orodha, dai iliyo wazi. Iliyofungwa inaondoa tatizo moja na kuleta jingine.

Tanzania ina kipande cha uwiano ambacho watu husahau kukihesabu, nacho ni viti maalum vya wanawake, vinavyogawiwa vyama vilivyofikisha asilimia 5 kulingana na kura. Lakini viti hivyo vinawekwa juu ya vile vya majimbo bila kufidia chochote, kwa hiyo aliyeshinda majimbo mengi kupita uwiano wake anaongezewa vingine juu yake. Maneno yanafanana na ya mfumo mseto, kazi hazifanani.

Mfumo mseto wa kufidia unakwenda hivi. Bunge lina viti 120. Chama kimepata asilimia 30 ya kura za vyama, hivyo haki yake ni viti 36. Kimeshinda majimbo 20. Kinaongezewa 16 kutoka kwenye orodha yake. Kingeshinda majimbo 36, kisingeongezewa kitu. Unabaki na mbunge wako wa jimbo unayemjua kwa sura, na asilimia za kura zinaheshimiwa. Kwenye jimbo ambalo chama chako hakijawahi kushinda, kura yako ya chama ina uzito sawa na ya mtu wa ngome yake.

Lesotho waliuchukua mfumo huu mwaka 2002: majimbo 80, viti vya kufidia 40. LCD wakashinda tena karibu majimbo yote, ila safari hii wapinzani wakaingia bungeni kwa viti vya kufidia na mji haukuchomwa. Mwaka 2007 wanasiasa wakagundua mwanya. Mpigakura alikuwa na karatasi mbili, ya mgombea na ya chama. Vyama vikubwa vikashinda majimbo kwa jina lao na kuwaelekeza watu wao wapigie chama rafiki kwenye karatasi ya pili, hivyo kwenye hesabu ya kufidia wakaonekana wawili tofauti na kulipwa mara mbili. Dawa ilikuja kwenye uchaguzi wa 2012: karatasi moja, tiki moja, inayomhesabia mgombea na chama chake kwa pamoja. Uchaguzi huo ulimtoa waziri mkuu aliyekuwa madarakani na kuleta serikali ya mseto kwa amani. Ukisikia mtu anapigia debe mfumo mseto, muulize karatasi ni ngapi. Jibu lake litakuonyesha kama ameusoma.

New Zealand ndio wengine wa kuwatazama. Mwaka 1978 na 1981 chama cha Labour kilipata kura nyingi kuliko National na bado National wakapata viti vingi zaidi. Uchaguzi wa kwanza wa mseto mwaka 1996 walijitokeza takriban asilimia 88 ya walioandikishwa, kutoka 85 mwaka 1993. Kufikia 2011 walikuwa wameshuka hadi 74, na mwaka 2020 wakapanda tena hadi 82. Mfumo ulileta haki ya viti moja kwa moja. Ari ya watu iliendelea kupanda na kushuka kwa sababu zake.

Umebaki mfumo wa kura ya kuhamishwa, ambao wapenzi wake wanaupenda kama dini. Jimbo ni kubwa, lina viti vitatu hadi vitano. Unapanga wagombea kwa namba. Anayefikia kiwango anapita na ziada yake inahamia kwa wengine. Kura halali zikiwa 60,000 na viti 5, unagawa kwa 6 na kuongeza moja: kiwango ni 10,001. Uzuri wake mkubwa ni kwamba, kama kwenye orodha ya Finland, unachagua kati ya watu wa chama kimoja. Ukiwa mwanachama mwaminifu lakini mbunge wako amelala, unampa namba 1 mwenzake wa chama hichohicho. Ni mifumo michache inayompa mpigakura kisu kikali namna hiyo.

Ireland wanautumia tangu 1922. Serikali ilijaribu kuuondoa kwa kura ya maoni mwaka 1959 na 1968, wananchi wakakataa mara zote mbili. Malta nao wanao tangu 1921. Sasa tazama: Malta kwa miongo mingi walijitokeza zaidi ya asilimia 90, na hata mwaka 2022 walipita 85, bila sheria ya kulazimisha. Ireland mwaka 2024 hawakufika 60. Mfumo ni uleule. Tofauti ni kwamba Malta vyama viwili vinakabana koo na uchaguzi mzima huweza kuamuliwa na kura elfu chache, kwa hiyo kila nyumba inajua kura yake inatafutwa. Hesabu ya kura za kuhamishwa huchukua siku kadhaa, na lile tatizo la fomu ya mlangoni liko palepale. Kwa mabaraza ya miji ningeupendekeza leo. Kwa bunge la nchi yenye tume isiyoaminiwa, nachagua mseto wa karatasi moja, unaojumlishika hadi kura ya mwisho.

Kanuni zisizogusa hesabu

Ukitaka namba za waliojitokeza zipande haraka, hakuna kinachofikia sheria ya kulazimisha. Australia mwaka 1922 walijitokeza chini ya asilimia 60. Sheria ikapita mwaka 1924, na uchaguzi wa 1925 wakawa zaidi ya 91. Uholanzi waliiondoa mwaka 1970: uchaguzi wa mwisho wa kulazimishwa walikuwa karibu asilimia 95, uliofuata 79. Chile ndio waliojaribu pande zote ndani ya kizazi kimoja. Mwaka 2012 walifanya kura kuwa hiari, na uchaguzi wa rais wa 2013 chini ya nusu ya waliostahili wakajitokeza. Waliporudisha ulazima kwenye kura ya maoni ya katiba Septemba 2022, wakafika karibu asilimia 86.

Pamoja na namba hizo siupendi kama hatua ya kwanza. Daftari likiwa bovu na vituo vikiwa mbali, faini inamwadhibu maskini kwa kosa la serikali. Australia faini ni dola 20, uchaguzi ni Jumamosi, kuna kura za mapema na za posta, na kituo kiko karibu. Wameurahisisha mlango, ndipo wakasema kila mtu apite. Anayeanza na amri kabla ya mlango amegeuza kazi.

Mlango wa kwanza ni daftari. Sweden hakuna anayekwenda kujiandikisha. Jina linatoka kwenye rejista ya wakazi na kadi inakuja nyumbani. Mwaka 2022 walijitokeza asilimia 84. Nchi yenye kitambulisho cha taifa na bado inawapanga watu foleni ya pili kujiandikisha kupiga kura inawafukuza watu wake kwa mikono yake mwenyewe, hasa vijana waliotimiza miaka 18 katikati ya misimu ya uandikishaji na wanaohamahama kutafuta kazi.

Kupiga kura kwa intaneti hushangiliwa kuliko kunavyostahili. Estonia walianza mwaka 2005, na mwaka 2023 zaidi ya nusu ya kura zote zilipigwa mtandaoni. Hata hivyo waliojitokeza kwenye uchaguzi wa bunge wamekuwa wakizunguka kati ya asilimia 62 na 64 tangu 2007. Waliokuwa wakipiga kura wamehamia kwenye kompyuta; wasiopiga wamebaki walivyo. Na mashine haina mlango wa kubandikiwa fomu.

Basi kama ni wewe unayekaa kwenye kamati au unaandika maoni ya chama chako, anza kwa kuwauliza wasiopiga kura ni kwa nini, jimbo kwa jimbo. Kama mahali palipo na ushindani mkali watu wanajaa na kwenye ngome hawaji, shida ni hesabu, na mseto wa kufidia ndio dawa. Kama wanaokosekana ni vijana na wahamaji kila mahali, acha mfumo kwanza, shughulikia daftari na siku ya kura. Kama wamo wote wawili, daftari litangulie, kwa kuwa halihitaji katiba mpya.

Na ukishachagua, iga namna New Zealand walivyofanya. Tume ya kifalme, yaani tume rasmi ya uchunguzi, ilipendekeza mseto mwaka 1986. Mwaka 1992 wananchi waliulizwa kama wanataka mabadiliko na, kati ya mifumo minne, upi. Karibu asilimia 85 wakasema wabadilishe. Mwaka 1993 mfumo uliochaguliwa ukashindanishwa na wa zamani, ukashinda kwa karibu asilimia 54. Baada ya chaguzi tano za kuujaribu, mwaka 2011 wakaulizwa tena kama waendelee nao, na karibu asilimia 58 wakaubakisha. Uingereza, mwaka huohuo wa 2011, walipewa swali moja juu ya mfumo mmoja ambao hata walioupeleka hawakuupenda sana, wakajitokeza asilimia 42 na theluthi mbili wakaukataa. Kwenye rasimu yoyote utakayoipigania, weka kifungu cha kurudi kwa wananchi baada ya chaguzi mbili au tatu. Mwenye wasiwasi akijua kwamba atapewa nafasi ya kuurudisha mfumo wa zamani, huwa rahisi zaidi kukubali kuujaribu mpya.